Leseni imefungwa kwa faini, na shemeji anataka kulipa zote kwa mkupuo

Barua

Mshauri, salaam.

Ninaishi Greensboro, North Carolina, na huu ni mwaka wetu wa saba tangu tutoke kambi ya Nyarugusu. Tuna watoto wanne. Mume wangu anafanya kazi mchana. Mimi niko zamu ya usiku kwenye kiwanda cha kuku, dakika 50 kwa gari kutoka nyumbani, na saa zile hakuna basi la kunifikisha huko.

Mwezi wa pili 2023 nilikamatwa na spidi hapa mjini, kaunti ya Guilford: maili 44 kwa saa mahali pa 35. Nilifika mahakamani tarehe 11 Aprili, nikakubali kosa. Faini na gharama za mahakama zilikuwa dola 238, nikapewa siku 40. Siku ile nililipa 60. Halafu mtoto akaugua, kodi ya nyumba ikapanda, tukahama mwezi wa tano, na ile 178 ikabaki hivyo hivyo. Barua yoyote sikuiona. Dada mmoja wa shirika lililotupokea alisema atanisaidia kubadilisha anwani DMV, idara ya leseni na magari, lakini sina hakika kama alibadilisha.

Mwishoni mwa Agosti mwaka uleule polisi alinisimamisha kaunti ya Alamance nikienda kazini: 68 mahali pa 55. Akaangalia kompyuta yake, akaniambia leseni yangu imefungiwa. Akaniandikia makosa mawili kwenye tiketi moja, spidi na kuendesha nikiwa nimefungiwa. Tarehe ya mahakama ilipofika kazini nilikuwa na pointi tano za utoro, ya sita ni kufukuzwa. Sikwenda. Na kusema kweli niliogopa pia. Nilidhani wakiniona tu watanifunga.

Tangu hapo naendesha. Kila usiku nikiona taa za bluu, hata za mbali, mikono inalowa jasho. Gari limeandikwa kwa jina la mume wangu na yeye hajui lolote. Anadhani permi yangu ni nzima.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, amegundua. Hana maneno mengi. Amesema atanikopesha dola 700, tukae siku moja na simu, tulipe kila kitu kwenye tovuti ya mahakama, yaishe kabla kaka yake hajajua. Mzee mmoja wa kanisa naye anasema nisipoteze pesa, nitumie anwani ya binti yake aliyeko Virginia nikachukue leseni mpya huko, kwa sababu Virginia hawafungii watu kwa faini.

Nichukue pesa ya shemeji? Niache kuendesha nipoteze kazi? Na mume wangu nimwambie, au nimwambie ikiisha?

*Mama wa zamu ya usiku*

Jibu

Mama wa zamu ya usiku, pole. Umebeba mzigo huu peke yako muda mrefu, na kwa jinsi ulivyoandika tarehe na tarakimu naona si mtu aliyepuuza jambo. Dola 178 zilishindana na kodi na mtoto mgonjwa, zikashindwa. Hilo si kosa la tabia.

Nikikuelewa vizuri, una maswali matatu: pesa ya shemeji, kuendelea kuendesha, na siri. Yote matatu umeyapanga juu ya wazo moja, kwamba hili ni deni, na deni likilipwa limekwisha. Naomba tulitazame wazo hilo kabla ya shemeji hajafungua simu, kwa sababu hapo ndipo ninapoona hatari ambayo hukuitaja.

Una kesi mbili, na hazifanani. Ya Guilford ni ya *kutolipa*. Hukumu ilishatoka, siku 40 zikapita, ikaongezwa ada ya dola 50, kwa hiyo 178 imekuwa 228. Karani akaitaarifu DMV, DMV ikatuma barua, na kwa sheria ya North Carolina kufungiwa huanza siku ya 60 baada ya barua kutumwa. Ungelipa au ungepata nafuu ya jaji ndani ya siku hizo 60, leseni isingefungwa kabisa. Barua ikienda nyumba ya zamani, siku zinahesabika vilevile.

Ya Alamance ni ya *kutofika*, na hakuna jaji aliyekwisha kuiamua. Ukipitisha siku 20 bila kutokea, inaongezwa ada ya dola 200 na DMV inafunga leseni mara ya pili, kwa sababu tofauti. Kwa hiyo leo una kufuli mbili mlangoni, na ufunguo wa moja haufungui nyingine.

Sasa ile hatari. Kulipa tiketi ya spidi kwenye tovuti, mbele ya sheria, ni kukiri kosa. Kosa lenyewe lilitokea siku ambayo leseni ilikuwa tayari imefungiwa. North Carolina ina kanuni ngumu hapa: ukipatikana na hatia ya kosa la uendeshaji, na spidi ni mojawapo, ulilolifanya ukiwa umefungiwa, DMV inaongeza kifungo kipya cha leseni. Mara ya kwanza ni mwaka mmoja, mara ya pili miwili, mara ya tatu ni cha kudumu. Kifungo hicho hakiondolewi kwa kumaliza faini. Kwa huo wa mwaka mmoja unaweza kuiomba DMV ikurudishie leseni kwa masharti baada ya siku 90, lakini hilo ni ombi, na wanaweza kulikataa.

Yaani shemeji, kwa moyo mweupe kabisa, anaweza kulipa dola 700 Jumamosi asubuhi, mkashukuru Mungu, na wiki chache baadaye ikaja barua inayokufungia mwaka mzima. Wala usidhani ukitangulia kulipa Guilford unajiokoa. Sheria haiulizi leseni ikoje leo. Inauliza ilikuwaje siku ile ya Agosti.

Ndiyo maana watu wanaozifahamu kesi hizi huanza na tarehe, pesa hufuata. Agiza DMV rekodi yako *kamili* ya udereva. Ile ya miaka mitatu inaweza kuacha nje mambo ya 2023. Rekodi itakuonyesha kila kufungiwa, kulianza lini na kwa sababu ya kesi gani. Kisha tafuta jina lako kwenye tovuti ya mahakama za jimbo, ukijaribu na namna nyingine za kuliandika, maana majina yetu huandikwa hovyo na kesi moja inaweza kujificha nyuma ya herufi. Andika namba za kesi zote mbili.

Ukifika kwenye kesi ya Alamance, kazi iko kwa mwendesha mashtaka wa kaunti, karani hana mamlaka nayo. Unachoomba ni kutofika kwako kufutwe na kesi ipangiwe tarehe mpya. Kwenye spidi, North Carolina ina mlango ambao madereva wa huko wanaujua: shtaka linaweza kupunguzwa kuwa kifaa kibovu, yaani mita ya spidi isiyosoma sawasawa. Hilo halihesabiki kuwa kosa la uendeshaji wala halina pointi za leseni, kwa hiyo halikuletei ule mwaka wa ziada. Halipatikani kwa aliyezidisha zaidi ya maili 25. Wewe ulizidisha 13. Lina gharama yake ya ziada ya dola 50 na hutolewa kwa hiari ya mwendesha mashtaka, hakuna anayekuwa na haki nalo. Lakini dola 50 ukizilinganisha na mwaka mzima, sidhani unahitaji nikupigie hesabu.

Shtaka la pili, kuendesha ukiwa umefungiwa, lina sharti moja linalokuhusu: upande wa mashtaka lazima uonyeshe *ulijua* kwamba umefungiwa. Barua iliyotumwa kwenye anwani iliyoko DMV inachukuliwa kuwa ulijua, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Mkataba wa nyumba mpya wenye tarehe ya mwezi wa tano ni ushahidi. Utunze. Utaulizwa pia kwa nini hukuiarifu DMV, kwa sababu jimbo linampa mtu siku 60 baada ya kuhama.

Kuhusu hofu ya kufungwa, sitaki kukudanganya upande wowote. Tiketi ya spidi peke yake haitoi amri ya kukamatwa. Kuendesha ukiwa umefungiwa kwa sababu ya faini ni kosa la jinai la daraja la chini kabisa katika jimbo hilo, na kwa mtu asiye na hukumu zaidi ya tatu za nyuma adhabu yake ni faini isiyozidi dola 200, bila jela. Hata hivyo, kwa kuwa ni jinai, jaji aliweza kutoa amri ya kukamatwa ulipokosa kufika. Jambo la kuulizia kabla hujaingia jengo lile ni hilo: ipo amri, au haipo? Afadhali aulize wakili au mtu wa msaada wa kisheria kwa niaba yako. Na hapa kuna kinaya: kwa sababu kosa lako halifiki jela, huenda usipewe wakili wa bure wa mahakama. Piga simu Legal Aid of North Carolina, shirika la msaada wa kisheria, au kliniki za msaada wa kisheria za vyuo vya sheria. Durham wana mpango wa kurudisha leseni unaoitwa DEAR, lakini ni kwa kesi za kaunti ya Durham. Wewe ulizia kama Guilford na Alamance wana siku maalumu za msaada kama huo. Mkalimani wa Kiswahili mbele ya jaji ni bure, ila umwombe kabla ya siku yenyewe. Usimpeleke mtoto akutafsirie.

Kwa kesi ya Guilford, fomu ni AOC-CR-415. Ndiyo ya kuomba nafuu ya faini, ada na gharama. Sheria ya jimbo inasema kufungiwa kwa kutolipa kunaweza kuondolewa ukimwonyesha jaji mambo mawili: kwamba hukukataa kwa makusudi, na kwamba unajitahidi kwa nia njema, au kwamba deni lenyewe linastahili kusamehewa. Neno *makusudi* lina historia yake. Mwaka 1983, katika kesi ya Bearden v. Georgia, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mtu aliye kwenye kifungo cha nje hapelekwi jela kwa kutolipa faini kabla mahakama haijauliza kama alikataa au alishindwa. Kesi ile ilihusu jela, haikuhusu leseni. Lakini swali lake ndilo utakaloulizwa, kwa hiyo lijibu kwa karatasi: stabu za mshahara za miezi miwili, mkataba wa kodi, barua ya msaada wa chakula kama mnaupata, bili za hospitali za 2023, na risiti ya zile dola 60. Risiti hiyo ina uzito kuliko unavyodhani, maana mtu anayekataa kulipa halipi 60.

Uombe pia kila aina peke yake: faini, gharama, na ada. Faini yenyewe jaji huiondoa kwa urahisi zaidi. Gharama za mahakama ndizo ngumu, kwa sababu tangu 2017 sheria inataka taasisi zote zinazopata mgawo wake ziarifiwe kabla hazijafutwa, na majaji wengi hawapendi kuzigusa. Ada ya 50 na ile ya 200 ziko katikati. Jaji wa Guilford hawezi kusamehe ya Alamance, wala wa Alamance ya Guilford, kwa hiyo ni maombi mawili. Mpango wa kulipa kidogo kidogo upo, nao una ada yake ya dola 20.

Kuna pia ruhusa ya muda ya kuendesha, hadi mwaka mmoja, kwa aliyefungiwa kwa kutolipa *tu*. Wewe leo huipati kwa sababu ya kutofika. Alamance ikimalizika unaweza kustahili, lakini ada yake ni dola 100 na deni la Guilford ni 228. Mimi ningeona mia hiyo ina kazi bora kwenye deni, ingawa wewe ndiye unayejua mwezi wako unavyokwenda.

Tena, jaji akimaliza, bado huna leseni. DMV ina ada yake ya kurudisha. Wengi hukamatwa katika siku hizo za furaha, karatasi ya mahakama mfukoni.

Kwa mzee wa kanisa, Virginia kweli iliacha kufungia leseni kwa faini zisizolipwa mwaka 2020. California ilitangulia 2017. Lakini waliacha kufungia za kwao. Ukifika pale wataangalia daftari la taifa la madereva waliofungiwa, wataona North Carolina, na watakurudisha. Zaidi ya hapo utakuwa umesaini anwani usiyoishi mbele ya ofisi ya serikali. Kwa mtu mwenye kadi ya kijani anayefikiria uraia, saini hiyo ni nzito kuliko tiketi zote mbili. Ukitarajia uraia, kabla hujakiri shtaka lolote la jinai, hata hili dogo, muulize wakili wa uhamiaji.

Nimechelewesha swali la kuendesha kwa sababu ndilo gumu, na mimi si ninayelisha watoto wanne. Hatari yake naweza kuieleza: kila safari ya dakika 50 ni nafasi ya tiketi nyingine ya mwendo, na hiyo ndiyo inayohesabiwa kuelekea ile miaka miwili na kile kifungo cha kudumu. Lakini umeniandikia kana kwamba kuna njia mbili tu, usukani au kufukuzwa. Je, ni kweli? Kwenye zamu yako hakuna hata mmoja anayetoka upande wenu na gari lenye kiti kitupu? PART, shirika la usafiri la ukanda wenu, huratibu gari la pamoja la wafanyakazi, hata kwa zamu ambazo basi halifiki. Na pointi zile tano: umewahi kuuliza ofisi ya wafanyakazi kama barua ya kuitwa mahakamani huondoa pointi ya siku hiyo? Hofu ya pointi ya sita ndiyo iliyozaa kesi hii ya pili, na sioni mahali ulipouliza.

Na mume wako. Unasema umwambie ikiisha. Umeona mwenyewe kwamba haiishi Jumamosi moja. Itachukua wiki, labda miezi, na barua zitaingia kwenye sanduku lenu nyote. Kumwambia kuna uzito wake pia, kwa sababu sheria ya jimbo inamkataza mwenye gari kumwachia, *akijua*, mtu asiye na haki ya kuendesha. Siku atakapojua, funguo zinakuwa swali lake pia. Huenda hilo ndilo unalolikwepa bila kulitaja: ukimwambia, usiku huohuo mtalazimika kuamua nani anakupeleka kazini. Lakini fikiria pia upande wa shemeji. Unamweka mdogo mtu kushika siri na deni dhidi ya kaka yake. Hata pesa ikirudi yote, atakaa vipi mezani kwenu? Unaweza kumshukuru, ukamwomba pesa ikae kwake mpaka ujue tarehe zinasemaje.

Rekodi kamili ikifika, niandikie mambo mawili: kufungiwa kwa Guilford kulianza siku gani, na barua ilitumwa anwani ipi. Kama yule dada wa shirika alibadilisha anwani yako kweli, na DMV bado ikaituma nyumba ya zamani, mpelekee wakili karatasi hiyo kabla ya nyingine zote.